Mabanio ya Usangu yafungwe kiangazi ili Ruaha Mkuu utiririke?

Mwalimu wa Jiografia, Iringa
Ndugu zangu, Mto Ruaha Mkuu ulikuwa ukitiririka mwaka mzima, lakini tangu mwaka 1993 hukauka kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na viboko hubaki wamebanana kwenye vidimbwi vya tope. Sababu iko kwenye umbo la nchi. Mvua kubwa hunyesha milimani, Uporoto na Kipengere, wakati tambarare ya Usangu, huko Mbeya, hupata mvua haba. Maji yote hushukia kwenye ardhioevu ya Ihefu, ambayo ina mlango mmoja tu wa kutokea, pale Ng'iriama, ambako mwamba umekaa kama kizingiti cha nyumba. Maji ya Ihefu yakishuka chini ya kizingiti hicho, mto unakatika. Napendekeza mabanio yote ya mpunga, yaani vizuizi vinavyochepusha maji ya mto kwenda mashambani, yafungwe kuanzia Julai hadi mvua zirudi. Shida ni kwamba wengi wanaolima kule hawajawahi kusoma ramani.

Mkulima wa Igurusi
Shikamoo Mwalimu. Sentensi yako ya mwisho imenichoma, na ndiyo nitakayoijibu. Mimi huchomeka kwenye mfereji kijiti chenye alama tatu za kisu, na maji yakishuka chini ya alama ya pili, najua kwamba wenzangu wa mwisho wa mfereji kesho hawatapata kitu, hivyo naziba lango langu kwa magunia ya mchanga hata kama jaruba langu halijajaa. Marehemu baba alikuwa na banio la magogo, mawe na nyasi, lililovuja mchana na usiku, na kila masika mto ulilisomba tukajenga upya. Maji yaliyovuja ndiyo yaliyofika Ihefu. Kisha wakaja wenye ramani, wakatujengea banio la zege, wakasema wametuboreshea. Zege halivuji, Mwalimu. Na kama mnawatafuta waliokanyaga Ihefu, waulizeni waliokuja juzi na ng'ombe.

Mfugaji, sasa niko Lindi
Ndugu Mkulima, hiyo "juzi" yako ni ya lini? Baba yangu amezikwa Rujewa, huko huko Usangu, na mimi nimezaliwa hapo hapo. Mwaka 2006 Serikali ilipoamua kuiondoa mifugo Usangu, tuliambiwa kwamba ng'ombe ndio wanaoukausha mto, tukaswaga kundi kuelekea kusini, na ndama watano walinifia njiani kwa siku mbili kwa kukosa maji, katika nchi niliyokuwa naivuka kwa sababu ya maji. Tuliondoka. Je, mto ulirudi? Nasubiri mtu mmoja anijibu hilo kabla ya kuniita mgeni tena.

Mzaliwa wa Utengule
Nasikitika kuona wawili mnagombania ugeni na uenyeji huku sisi Wasangu tukisoma kimya, kwa maana bonde hili limebeba jina letu. Lakini Mfugaji ana haki ya kujibiwa: mto haukurudi. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, aliahidi kwamba ifikapo 2010 Ruaha Mkuu ungetiririka mwaka mzima. Mwaka 2008 Ihefu ikaingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, hifadhi ikapanuka hadi zaidi ya kilomita za mraba 20,000, na vijiji vikajikuta vinabishana na mstari wa mpaka ambao wazee wetu hawakuwahi kuonyeshwa. Mto uliendelea kukauka. Mpaka ulichorwa kuzunguka mahali maji yanapotuama, ilhali maji yenyewe hukatwa huko juu, kwenye mito ya Mbarali, Kimani na Chimala.

Mstaafu wa Idara ya Maji
Naomba nirudi kwenye swali la Mwalimu, kwa sababu nililifanyia kazi miaka mingi. Kwanza, tusiwabebeshe wakulima mgawo wa umeme, kama wengi walivyozoea kufanya: bwawa la Mtera, linalozalisha umeme kwa maji ya mto huu, hujazwa na maji ya masika, na kijito cha kiangazi kutoka Usangu ni sehemu ndogo sana ya maji yake. Kinachoumia kiangazi ni Ihefu, wanyama, na watu wanaochota mtoni. Pili, mpunga wenyewe haukai shambani Agosti. Maji mengi hupotea pande mbili za msimu: baada ya mavuno, pale mifereji inapoachwa wazi na maji kumwagika kwenye mashamba matupu, na kabla ya mvua kukolea, pale mtu anapowahi kitalu ili auze mapema wakati bei iko juu. Nimesimama kwenye jaruba lisilo na mche hata mmoja, maji yakinifika kifundoni, huku chini yake mto ukiwa mchanga mtupu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu au zenye kuharibu kingo ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto, nami naiunga mkono, lakini mita 60 haziwezi kufunga lango la banio.

Mwalimu wa Jiografia, Iringa
Mkulima, nakuomba radhi kwa neno lile la ramani. Hoja yangu ya kizingiti bado naisimamia, kwa kuwa mwamba wa Ng'iriama haujui nani mgeni, nani mwenyeji. Ila nakubali kwamba "yafungwe yote" nililiandika nikiwa mbali na mfereji, kwani maji hayo hayo ndiyo yanayonywewa na vijiji vilivyo kandokando yake.

Mkulima wa Igurusi
Nimepokea, Mwalimu. Basi tuulizane hivi: banio letu la zege lina lango moja la chuma, nalo ama limefunguliwa ama limefungwa. Nani atatutobolea zege hilo tundu la upana wa ndoo, ili kijiji kinywe na yaliyobaki yapite?

Mfugaji, sasa niko Lindi
Mimi bado sijaombwa radhi.