Gambit: shujaa au mwizi aliyepambwa?

Mjomba Seif
Wakuu, naomba mawazo yenu. Mpwa wangu wa miaka 13 ameazimwa rundo la komiki za Gambit, zile zilizoanza 1999 za Fabian Nicieza. Yalitoka matoleo 25, yeye anayo tisa. Nimekesha nayo ili nijue mtoto anakula nini. Huyu Gambit, jina lake halisi Remy LeBeau, ni mtu wa New Orleans, amelelewa na Chama cha Wezi, na baba yake wa kulea, Jean-Luc, ndiye mkuu wa chama. Hata baada ya kuingia X-Men, kundi la mashujaa waliozaliwa na nguvu za ajabu, mkono wake bado mrefu. Karata akiishika inajaa nguvu, akiirusha inalipuka, wasichana wanamchekea, basi kijana wangu tangu juzi anachezea karata mezani. Jana kaniambia, "Mjomba, mwizi mzuri anachagua wa kumwibia." Nikashtuka. Je, hadithi ambayo shujaa wake ni mwizi inafaa kwa mtoto? Mimi naona tunamvisha mwizi kanzu ya bwana harusi. Mtaani kwetu Gambit asingefika kona ya pili, angeshavishwa tairi.

Karata Tatu
Shikamoo mzee Seif. Umemhukumu mtu bila kusikiliza kesi yake. Remy mwenyewe aliibwa. Alichukuliwa hospitalini akiwa mchanga na watu wa Chama hicho hicho, kwa sababu ya macho yake, mekundu juu ya weusi. Alipokuwa na miaka kama kumi alimtia Jean-Luc mkono mfukoni, ndipo akachukuliwa kulelewa. Nani alimpa nafasi ya kuwa kitu kingine? Na alilipa. Alifukuzwa mjini kwao kwa sababu alimuua mkewe siku ya harusi. Ameishi na hilo miaka yote. Katuni ya televisheni ya 1992 ndiyo iliyomzaa na ilieleza vizuri.

Binti wa Pemba
Ndugu Karata Tatu, unamtetea usiyemjua. Hakumuua mkewe. Bella Donna alikuwa wa Chama cha Wauaji, na ndoa ilipangwa ili vyama viwili viache kumwaga damu. Kaka yake, Julien, hakuikubali, akamwita Remy kwenye pambano, akafa yeye. Shemeji ndiye aliyekufa. Na televisheni haikumzaa: Chris Claremont na Jim Lee walimleta vitabuni mwaka 1990, Uncanny X-Men toleo la 266. Nilikuwa navyo vyote hivyo hadi nilipohama nyumba.

Karata Tatu
Sawa, shemeji. Lakini hoja yangu inabaki pale pale.

Mwalimu Mstaafu
Seif, mdogo wangu, usiogope. Kizazi chetu kilisoma gazeti la katuni la Sani, na jina la mhusika wake Ndumilakuwili peke yake linakueleza alikuwa mtu wa namna gani. Hatukuwa matapeli. Kabla ya hapo bibi zetu walitulaza na Abunuwasi na sufuria yake iliyozaa. Kaazima sufuria ya jirani, karudisha na kisufuria kidogo, "imezaa", jirani akafurahi. Safari ya pili kaikalia moja kwa moja, "imekufa". Huo si wizi? Na nani kati yetu hampendi Abunuwasi?

Kombo Forodhani
Mwalimu, kwa heshima zote, hapo siwezi kunyamaza. Abunuwasi hakuiba. Yule jirani alikubali kwamba sufuria inazaa kwa sababu kilimfaa. Aliyekubali kuzaa akubali na kufa. Ile ni hukumu juu ya tamaa, Abunuwasi kamshika mtu kwa ulimi wake mwenyewe. Gambit anaingia kwa dirisha usiku. Usivichanganye.

Mwalimu Mstaafu
Kombo, sufuria ilikuwa ya nani jana, na leo iko kwa nani? Nijibu hilo kwanza.

Kombo Forodhani
Iko kwa aliyeishinda kesi.

Tabu wa Temeke
Nimesubiri mtu aseme, hakuna aliyesema. Mjomba Seif umeandika "angeshavishwa tairi" kama unaongelea mvua. Nina mdogo wangu wa kiume. Mwaka 2011 alikuwa anakimbilia daladala jioni, ana mkoba wa kazi begani. Mwanamke mmoja nyuma akapiga yowe la mwizi, kumbe aliyemwibia alikimbilia upande mwingine. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa anakimbia, basi. Walimpiga kwa matofali na nondo. Tairi lilishaletwa. Aliyemwokoa ni mama muuza vitumbua aliyemlalia juu akilia "namjua huyu". Sikio la kushoto halisikii mpaka leo. Gazeti lingeandika "wananchi wenye hasira kali" na habari ingeishia hapo. Naomba uifute ile sentensi.

Mangi wa Duka
Pole dada, ya mdogo wako ni dhuluma. Ila tusiache mwenye mali akaonekana ndiye mkosaji. Duka langu limevunjwa mara tatu. Mara ya mwisho walichukua hadi mizani. Nilikwenda kuripoti, nikaambiwa nirudi kesho, kesho nikaambiwa nirudi Jumatatu. Mke wangu alikuwa amejifungua wiki mbili. Unapowasikia watu wanaimba sifa za mwizi mwenye koti refu, hiyo mizani ndiyo inayonijia.

Tabu wa Temeke
Mizani inanunuliwa, kaka. Sikio linanunuliwa wapi?

Mangi wa Duka
Sikusema lake ni dogo. Usinilishe maneno.

Jirani wa Nakuru
Huku kwetu ni vile vile, mtu akiitwa mwizi sokoni hana dakika tano. Lakini dada Tabu amenikumbusha kitu ndani ya hadithi yenyewe, na nashangaa wajuzi mmekipita. Siku za mwizi ni arobaini, na ya arobaini ya Gambit ilikuwa Antaktika, Uncanny X-Men toleo la 350, mwaka 1997. Alifanyiwa kesi na ikajulikana kwamba ndiye aliyewakusanya Marauders, kundi la wauaji, kwa ajili ya yule mwovu Mister Sinister, na ni hao walioingia kwenye mahandaki chini ya New York wakawachinja Wamorlock waliokuwa wakiishi humo. Rafiki zake, akiwamo Rogue anayempenda, walimwacha pale kwenye barafu peke yake. Hao ni X-Men, wanaochukiwa duniani kote kwa jinsi walivyozaliwa! Walipopata wa kumhukumu wakafanya yale yale.

Binti wa Pemba
Sikuipita, nilikuwa naingoja. Na tuseme yote. Sinister alikuwa amemfanyia upasuaji ili aweze kuzitawala nguvu zake, na hilo deni ndilo lililomfunga. Alipoona mauaji yameanza alijaribu kuzuia, akachanwa karibu kufa, na akaweza kumtoa mtoto mmoja tu. Wengine wengi walikufa. Mimi nilisoma hayo nikiwa na miaka 16 na sikumsamehe, ila pia sikumsamehe Rogue. Mpaka leo, hata baada ya kuoana 2018, nikiiona picha yao ya harusi nawaza ile barafu.

Karata Tatu
Rogue alikuwa na haki. Watu walikufa, dada. Ningemwacha hata mimi.

Binti wa Pemba
Wewe uliyekuwa unamtetea asubuhi?

Karata Tatu
Nilimtetea kwa wizi. Kuwapeleka wauaji kwenye mlango wa watu ni jambo lingine, na kutokujua si udhuru kama umelipwa.

Mangi wa Duka
Hapo umenena. Kila mwizi ana aliyempeleka mlangoni. Mimi wa kwangu namshuku aliyewahi kunifanyia kazi, na kila asubuhi tunasalimiana.

Kombo Forodhani
Bado nasubiri Mwalimu akiri habari ya sufuria.

Mjomba Seif
Dada Tabu, sina uwezo wa kufuta, lakini nimeisoma tena ile sentensi na nimeona aibu mbele yako. Niliandika kama watu wote tunavyosema, na hiyo ndiyo shida yake. Mpe mdogo wako salamu zangu.

Kuhusu kijana: leo nimemuuliza, kama mwizi mzuri anachagua wa kumwibia, yeye angechagua nani? Akafikiri sana, akasema, "Mtu ambaye hataumia." Nikamuuliza ni nani huyo hapa mtaani. Tumewapitia majirani mmoja mmoja kuanzia kwa mama ntilie hadi kwa tajiri wa magari, na hajampata bado. Binti wa Pemba, kama unajua pa kulipata hilo toleo la 350, niambie.

Tabu wa Temeke
Nimeona, mjomba. Asante. Amesema salamu zimefika.

Mwalimu Mstaafu
Kombo, sufuria ni ya jirani.