Telekonveta kwenye lenzi ya zumu kwa picha za wanyama: kifaa kibovu au mimi ndo mbovu?

kidoa_juu_ya_mti

Habari zenu wakuu, naomba mnisaidie maana hapa nilipo nimeshachoka. Nina lenzi ya zumu 150-600mm ile ya f/5-6.3 (namba ya f ni upana wa tundu la kupitisha mwanga, ndogo ndo pana), kamera ni DSLR, zile zenye kioo kinachopinduka ndani, yenye sensa ndogo ya APS-C, megapikseli 24, napiga ndege na wanyama huu mwaka wa pili. Tatizo langu ni lile lile la kila mtu, 600 haitoshi. Mdiria katulia zake juu ya tawi, mimi natetemeka kwa furaha, nikija kufungua picha kwenye kompyuta naona kidoa cha bluu katikati ya majani. Ndo nikachukua telekonveta ya 1.4x, kile kikuzio kinachofungwa kati ya lenzi na kamera, nikajua sasa mambo yameisha, 840mm hiyo, nani atanishika.

Jamani. Fokasi inaenda mbele inarudi nyuma inaenda tena mbele, inatafuta wee mpaka ndege anachoka anaruka. Na hata zile chache zinazokubali, picha ni kama nimepiga kupitia chandarua. Nikichomoa telekonveta kila kitu kinarudi sawa. Sasa ni telekonveta mbovu, lenzi mbovu, au mimi? Na 2x je, ingekuwa afadhali?

mzee_wa_tripodi

Karibu kwenye chama mkuu, wote tumepita hapo.

Inavyoonekana huna kitu kibovu. Telekonveta haiongezi mwanga, inachofanya ni kuchukua sehemu ya katikati ya picha ambayo lenzi imeshaitengeneza na kuitandaza ijae sensa nzima, kwa hiyo mwanga ule ule unagawanywa kwenye eneo kubwa zaidi. 1.4x inakula stopu moja (yaani nusu ya mwanga), 2x inakula mbili. Zumu yako ikiwa mwisho wa 600 ni f/6.3, ukitoa stopu moja unabaki na f/9 hivi. Sasa kwenye DSLR otofokasi ina sensa yake peke yake chini ya kile kioo kinachopinduka, na hiyo sensa imetengenezwa kwa miale inayotoka kwenye lenzi ya f/5.6 au pana zaidi ya hapo. DSLR nyingi mwisho wao ndo huo. Zile za wapiga ndege kama Nikon D500 na Canon 7D Mark II zinafika f/8 na hata hapo sio pointi zote, 7D Mark II inabaki na ile ya katikati tu. Wewe uko f/9. Hiyo kamera inapapasa gizani, usiilaumu.

Jaribu kitu kimoja, washa laivu vyuu, piga kwa kutumia skrini ya nyuma na tripodi. Hapo fokasi inasomwa kwenye sensa kuu, mara nyingi inakubali hata pale ambapo kwa jicho kwenye kitundu inagoma. Ni polepole, mnyama anayekimbia usijisumbue, ila bundi aliyelala mchana unampata.

Ukungu sasa. Kila dosari ya lenzi telekonveta inaikuza pamoja na picha, na zumu nyingi za bei ya watu wa kawaida mahali zinapokuwa laini ni kule mwisho kabisa, apacha (tundu la mwanga) ikiwa wazi, yaani palepale ambapo sisi wote tunaifunga telekonveta. Hakuna mtu anafunga 1.4x ili apige kwa 200mm.

2x achana nayo. 1200mm kwa f/13 kwenye hiyo bodi ya kamera utakuwa umebeba darubini ya kuangalia mwezi.

bi_shata

Mzee shikamoo, umeeleza vizuri ila usimkatishe tamaa kijana kama vile telekonveta na zumu ni haramu. Hayo ya f/8 ni ya DSLR. Mimi natumia Sony 200-600 na 1.4x kwenye kamera isiyo na kioo, inakuwa 280-840 ya f/8 mpaka f/9, na inafokasi jicho la ndege bila shida mchana wa jua. Kamera hizi zinasoma fokasi kwenye sensa yenyewe, Canon R5 kwa mfano inaendelea kufokasi mpaka f/22. Kwa hiyo kinachomsumbua ni bodi zaidi kuliko lenzi.

Ila nakubali jua likishaanza kuzama naichomoa mapema sana. Saa ambayo chui anaamka ndo saa ambayo stopu moja ina thamani kama dhahabu. Hesabu yake ndogo tu, ukiwa na f/6.3, shata (muda wa kupiga picha) 1/1000 ya sekunde, ISO (usikivu wa sensa kwa mwanga) 1600, ukifunga 1.4x kwa shata ile ile ISO inapanda 3200, halafu kwa kuwa sasa uko 840 na mtikisiko nao umekuzwa inabidi upandishe shata mpaka 1/1600, ISO inagonga 5000, na hapo bado hata mawingu hayajaja.

Jingine kwa anayefikiria Canon RF 100-500, soma kabla hujanunua ekstenda yake (ndo telekonveta kwa jina la Canon), haiingii mpaka zumu iwe imevutwa kuanzia 300. Maana yake na 1.4x una 420-700 peke yake, upande mfupi umeupoteza, na lenzi huwezi kuirudisha ikawa fupi ukaitia kwenye begi. Tembo akikusogelea unabaki unapiga picha ya sikio.

pikseli_tupu

Kwa nini usikropu tu, ukate kingo za picha ubaki na katikati?? Megapikseli 24 ukikropu kiasi cha 1.4x unabaki na 12, zinatosha kabisa. Telekonveta ni biashara ya kuuziana vioo.

mzee_wa_tripodi

Marahaba bi_shata, na nakubali yote.

@pikseli_tupu nusu uko sahihi. Kropu ya 1.4x inakuachia nusu ya pikseli, ya 2x inakuachia robo, kwenye 24 ni 6 tu, na hapo manyoya unaanza kuyakisia. Watu wanasahau kitu kimoja, wanasema telekonveta inaleta noizi (zile chembechembe kwenye picha) kwa sababu ISO imepanda. Lakini ukikropu na noizi nayo unaikuza! Tundu la lenzi linalopitisha mwanga ni lile lile, mwanga uliotoka kwa yule ndege ni ule ule, kwa hiyo ukilinganisha ndege kwa ndege, saizi moja, shata moja, noizi zinakaribiana sana. Kinachobaki kubishaniwa ni viwili tu, je, lenzi yako ina undani wa ziada ambao pikseli zako zilikuwa hazijaunasa, na fokasi itafika?

Ndo maana mwenye sensa ya pikseli kubwa na lenzi kali anafaidika na telekonveta, na mwenye sensa iliyosongamana pikseli na zumu laini hapati kitu, pikseli zake zilishachota kila kilichokuwepo kwenye lenzi. APS-C ya 24 pikseli zake ni ndogo. Ukifunga apacha mpaka f/11 au f/13 kutafuta ukali, difraksheni, yaani mwanga kutawanyika ukipita tundu dogo, nayo inaanza kulainisha, unakimbia mvua unaingia mtoni.

kereng'ende77

Naongezea mawili sijaona mtu kataja.

La kwanza mangazimbwe. Ule mtetemo wa joto juu ya ardhi saa sita mchana hakuna lenzi inaushinda, uwe na f/4 ya mamilioni uwe na nini. Unapiga swala aliye mbali mita 200 na picha inatoka kama ya majimaji, mtu anaenda kulaumu telekonveta. Piga alfajiri uone. Halafu ukiwa ndani ya gari zima injini, na AC ukiwa umefungua dirisha hewa baridi na moto zinachanganyika mbele ya lenzi yako wewe mwenyewe. Nilipoteza wiki nzima kwa hilo nikijua lenzi imeharibika.

La pili ni utamu wa telekonveta ambao watu wa ndege hawaujui. Umbali wa karibu kabisa wa kufokasi haubadiliki ukiifunga, kwa hiyo kipepeo, mjusi, kereng'ende (jina langu lenyewe linasema) wanajaa kwenye fremu mara 1.4 zaidi pale pale uliposimama. Kwa kazi hii mimi siichomoi kabisa.

kidoa_juu_ya_mti

Asanteni sana aisee. Jana nilifanya jaribio, nikachukua boksi lenye maandishi madogo madogo nikaliweka kivulini mita 20, kamera kwenye tripodi, laivu vyuu, shata kwa taima ili nisiguse. Picha moja 600 kwa f/6.3 nikaikropu, nyingine 840 kwa f/9, nyingine 840 kwa f/11.

Matokeo yamenichanganya kidogo. Ile ya f/9 kwa kweli imeshindwa na kropu, maandishi yana ukungu na kontrasti imeshuka. Ya f/11 imekuwa nzuri, herufi ndogo kabisa zinasomeka ambazo kwenye kropu nilikuwa nakisia. Tofauti ipo ila ni ndogo, na hilo ni boksi, halitikisi mkia. Halafu nikarudisha zumu nyuma mpaka kwenye 500 hivi, yaani na telekonveta ni 700, ndo nikashangaa, imekuwa kali kuliko zote, hata ikiwa wazi.

bi_shata

Hiyo ya mwisho ndo siri ya zumu nyingi mdogo wangu, 500 yake ni kali kuliko 600 yake. Mwangalie basi na uzito wa hesabu, 500 na 1.4x unapata 700, dhidi ya 600 mtupu. Hizo milimita 100 za ziada hazikufanyi rafiki wa ndege. Kumsogelea kutoka mita 30 mpaka 20 ni sawa na kuigeuza 600 yako kuwa 900 na huli hata stopu moja. Kaa chini, vaa rangi zilizofifia, subiri. Mdiria ana tawi lake, anarudi pale pale.

mzee_wa_tripodi

Na kama bodi yako ina menyu ya kurekebisha fokasi ya lenzi, kumbuka lenzi tupu na lenzi pamoja na telekonveta zinahitaji namba tofauti. Inawezekana ile f/9 yako ya kwenye kitundu ilikuwa inafokasi nyuma ya ndege siku zote.

mgeni_wa_lenzi

Samahani nadandia uzi. Mimi nina 70-300 ya kawaida, hiyo telekonveta naweza kufunga?

mzee_wa_tripodi

Usijaribu kwa nguvu! Telekonveta nyingi za kampuni zenyewe zina kioo kilichochomoza mbele, kinaingia ndani ya lenzi, na zumu nyingi ndogo kioo chao cha nyuma kiko karibu na mdomo, vikigusana unakwaruza vyote viwili. Angalia orodha ya lenzi zinazokubalika kwenye kitabu cha telekonveta, lenzi yako kama haimo usifunge. Nani alikwambia ununue kabla ya kuuliza?

mgeni_wa_lenzi

Sijanunua mzee, nimeazima.

mzee_wa_tripodi

Rudisha leo leo.