Tembe za chuma za kliniki, dawa ya maji, multivitamini au bitiruti: nyinyi mlivumilia gani?

MamaMtarajiwa_Umoja
Hamjambo akina mama. Niko wiki ya 19, mimba ya kwanza. Juzi kliniki kiwango cha damu (hemoglobini) kilisoma 9.8, yaani kiko chini. Sista akaandika kwenye kijitabu, akanipa pakiti ya tembe za chuma za kuongeza damu, akasema "moja kila siku", akaita anayefuata. Tembe zenyewe ukifungua zinanuka kama sarafu iliyoshikwa na mikono mia. Siku tatu nimezimeza na chai ya asubuhi, na siku tatu zimerudi kabla sijafika steji.

Sasa kila mtu ana dawa yake. Mama mkwe amepiga simu kutoka Kitui: niziache, zinanenepesha mtoto tumboni, nitapasuliwa. Mayai pia nisiguse. Jirani anasifu dawa ya maji ya duka la dawa, ile nyekundu tamu. Mwenzangu kazini anameza multivitamini za wajawazito, chupa moja ni nauli yangu ya wiki mbili. Mama mboga ananifungia bitiruti bila hata kuniuliza. Na nikiri hapa kwa sababu hamnijui sura: kwenye mkoba nina odowa, ule udongo wa kutafuna, natafuna tangu wiki ya 10.

Waliopitia haya, mlichagua nini?

MamaPacha_Kayole
Dada, mimba yangu ya kwanza tembe nilikuwa nazipokea, naenda nazo nyumbani, nazimimina kwenye kopo la Blue Band juu ya kabati. Kila mwezi sista: "Unameza?" Nami: "Ndiyo sista." Kopo likajaa. Wiki ya 34 nikawa siwezi kupanda ngazi mpaka ghorofa ya pili bila kukaa chini katikati. Kupimwa, 7.4. Nililazwa. Mume wangu alipokuja kunichukulia nguo ndipo alipolishusha lile kopo.

Mimba ya pili nilimeza zilezile, ila usiku baada ya ugali, naingia kitandani moja kwa moja. Kichefuchefu kikija kinanikuta nimelala.

Karani_wa_Lebo
Mimi kazi yangu ni hesabu, kwa hivyo mke wangu alipopata mimba nilisoma lebo zote. Angalieni kiasi cha chuma chenyewe, msidanganywe na namba kubwa ya mbele. Ferasi salfeti ya miligramu 200, chuma halisi ndani ni kama 65 tu, kilichobaki ni chumvi yake.

Tembe za kliniki: chuma 60, asidi ya foliki 0.4. Bure.

Multivitamini tuliyonunua sisi: chuma 17. Ina vitamini D, zinki, ayodini na vingine vingi vizuri, lakini kwa mtu wa 9.8 hiyo ni kumwagia shamba kikombe cha maji. Hata ile multivitamini iliyopangwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa, yenye vitamini na madini 15, ina chuma 30.

Dawa ya maji: inategemea. Chupa mbili zimekaa rafu moja, rangi moja, na kijiko cha hii kina chuma mara kadhaa ya kijiko cha ile. Soma nyuma.

Pendo_Kangemi
Naomba kutofautiana na wasomi. Bitiruti ilinipandisha kutoka 10 hadi 11.3 kwa mwezi na nusu. Nilisaga na karoti na ndimu kila jioni. Msidharau vya shambani.

Sista_Mstaafu
Pendo mwanangu, na tembe ulikuwa unameza?

Pendo_Kangemi
Ndiyo sista, kila siku.

Sista_Mstaafu
Haya basi. Na ile ndimu ilikusaidia kuliko bitiruti, maana vitamini C huvuta chuma kiingie mwilini. Bitiruti ina foleti, chuma chake ni kidogo; watu wameipa sifa ya damu kwa sababu ya rangi. Ukitaka chakula chenye chuma cha kweli nenda kwa omena, nyama nyekundu, dengu, kunde, terere. Maini pia, ila kipande kidogo mara mojamoja, si kila siku, kwa sababu yana vitamini A nyingi mno kwa mimba.

Mama wa Umoja, nimekaa kliniki za wajawazito miaka mingi, nikujibu moja baada ya jingine.

Chai ndiyo adui yako wa kwanza. Tanini zake hushika chuma kikatoka nawe bila faida. Maziwa na tembe za kalisiamu vivyo hivyo. Acha angalau saa moja au mbili kati yake na tembe. Mwili hukipokea chuma vizuri zaidi tumbo likiwa tupu, lakini tembe uliyoitapika imekusaidia nini? Meza baada ya chakula cha usiku kama MamaPacha.

Choo kitakuwa cheusi. Hatukuwa tunawaambia wanawake hili, na ninajua wengi waliacha wiki ya kwanza wakidhani wanaoza ndani. Ni chuma kilichobaki, basi. Ukifunga choo, ni maji na matunda.

Mtoto kunenepa: hapana. Chuma hupunguza hatari ya mtoto kuzaliwa chini ya kilo 2.5, hakimfanyi jitu. Lakini usibishane na mama mkwe kwenye simu. Wanawake wa rika lake walizaa mbali na hospitali, na mtoto mkubwa kwao kilikuwa kifo. Hofu yake ina mzizi. Mayai kula.

Odowa ndiyo inanitia wasiwasi. Hamu ya udongo mara nyingi huja na upungufu wa damu, na udongo wenyewe unaweza kushika chuma tumboni, kwa hivyo unazunguka mduara. Nyingine ina madini ya risasi, nyingine mayai ya minyoo. Mwambie sista wako, hatakucheka. Nusu ya foleni inatafuna.

Na la mwisho: tembe moja kwa siku ni ya kukinga. Kwa 9.8 huenda ukahitaji kipimo cha kutibu, ambacho ni kikubwa zaidi. Rudi uulize hilo kwa jina. Usijiongezee mwenyewe.

BintiPwani_Eastleigh
Nichomekee moja. Wanaosafiri kujifungulia kwao Kilifi au kanda ya ziwa: huko kliniki hutoa SP ya kuzuia malaria, Nairobi hatupewi. Kama umenunua foliki ya miligramu 5 dukani, waambie kabla ya kumeza SP, kwa sababu foliki nyingi hivyo huipunguza nguvu. Ile 0.4 ya kliniki haina shida. Shangazi yangu muuguzi ndiye aliyenikamata na chupa.

Baba_wa_Kwanza
Mke wangu anaficha odowa kwenye soksi za mtoto ambaye hajazaliwa. Nimeiona, nimenyamaza. Nimwonyeshe huu uzi au nitalala sebuleni?

MamaPacha_Kayole
Mwonyeshe ukiwa umebeba omena.

Karani_wa_Lebo
Mnaopanga mimba lakini bado: foliki ianze kabla. Uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutunga, na wengi wetu kliniki tunaifikia miezi baadaye. Kwetu tulichelewa, mtoto ni mzima, lakini usiku nilihesabu sana.

MamaMtarajiwa_Umoja
Narudi na habari. Nilienda kliniki, nikauliza "kipimo cha kutibu" kwa jina. Sista alinitazama kama aliyesikia mtoto akiongea Kilatini, kisha akavuta kiti. Sasa ni mbili kwa siku, na nipimwe tena baada ya wiki nne. Odowa nimemtajia, akafungua droo akanionyesha aliyonyang'anya mtu asubuhi.

Nameza saa saba mchana na saa tatu usiku, na nusu chungwa. Siku ya sita leo na sijatapika hata moja. Choo kama lami, ningepiga mayowe kama si nyinyi.

Mama mkwe anafika Jumamosi na unga wa wimbi aliousaga mwenyewe. Uji nitakunywa saa kumi jioni, mbali na tembe zote mbili. Pakiti ya tembe nimeipeleka jikoni, nyuma ya mchele.