Tupeane uzoefu: mtoto wa awali, nyumbani mnamfundishaje kusoma na kuhesabu?

MamaDagaa_Kibirizi
Habari za jioni wana Kigoma, na nyie jirani zetu wa Tabora msijifiche. Mwanangu ana miaka mitano, yuko darasa la awali, mwakani la kwanza. Nilikuwa natamba naye sana. Moja hadi hamsini anashusha bila kumeza mate, a e i o u anaimba mpaka wapangaji wenzangu wamechoka.

Juzi naanika dagaa nikamwambia, "Baba, niletee dagaa saba tumpe paka." Kaja na mkono umejaa. Nikamwambia haya hesabu. Kidole kinarukaruka, mdomo unakimbia, akafika kumi na nne wakati dagaa mbele yake hawafiki kumi. Nikakaa chini. Kumbe mwenzangu alikuwa anaimba tu! Waliopitia hapa, mlifanyaje?

Mnyamwezi_wa_Isevya
Dada, wangu alikuwa hivyo hivyo. Mimi niliokolewa na maembe, maana msimu wake Tabora hata ukitaka kuyakwepa huwezi. Beseni huku, kikapu kule. Kila embe analolitaja namba lazima lihame kutoka kwenye beseni liingie kikapuni. Halijahama, halijahesabiwa. Hapo kidole hakina pa kurukia.

Akishamaliza namuuliza, "Haya, yote mangapi?" Unajua alichofanya? Alianza upya, moja, mbili, tatu. Hakujua kwamba namba ya mwisho aliyoitaja ndiyo idadi yenyewe. Nilirudia swali hilo karibu kila jioni, na sikumtajia jibu. Siku moja akanijibu "nane" kwa hasira, kama mtu anayesumbuliwa. Nilicheka peke yangu.

Baadaye tukaanza mafungu ya kumi kumi. Kiswahili hapa kinasaidia jamani: fungu la kumi, weka moja pembeni, ni kumi na moja, jina lenyewe limeshasema kila kitu. Shida ilianzia ishirini. Ishirini na thelathini ni maneno ya Kiarabu, mtoto haoni kumi yoyote mle ndani. Kwa hiyo kwanza tulisema "makumi mawili", "makumi matatu", majina ya shule yakafuata yenyewe.

BabaMdogo_Ujiji
Mimi nililipia tuisheni. Mtoto wa miaka mitano, tuisheni! Akarudi anatiririka ba be bi bo bu. Nikaandika "bo" peke yake nikamwonyesha. Kimya. Kisha akaanza toka "ba" akishuka mpaka alipoifikia. Nikasimamisha malipo, nikakata boksi la sabuni vipande, kila kipande silabi moja, nikavichanganya kama karata. Bo na ga, boga. Mo na to, moto. Siku aliyounganisha "ba" na "ba" mwenyewe, alikuja kunionyesha nikiwa bafuni.

Chuma_cha_Reli
Mnawadekeza. Mimi nilichapwa nikajua kusoma, na leo nahandika vizuri tu.

BabaMdogo_Ujiji
"Nahandika"? Mkuu, hiyo fimbo kuna mahali ilikosa.

MwlMstaafu_Kasulu
Wanangu, nimefundisha watoto wadogo miaka mingi. Mama Dagaa, usimharakishe na penseli, hizo KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, zina la kwanza na la pili zima mbele yake. Vidole kwanza viwe na nguvu: achambue maharage, afinyange udongo, achore kwa kijiti kwenye mchanga wa ziwa. Nyumba ya Kasulu haikosi maharage. Mwambie atenge mekundu huku, ya njano kule, kisha muulize fungu lipi lina mengi. Hiyo ni hesabu tayari. Na akigeuza b ikawa d, au 6 ikawa 9, usimpigie kelele, umri wake ndivyo ulivyo.

Herufi mfundishe kwa sauti yake. Ukimfundisha "em" na "a", ataona wapi "ma"? Mwambie mmm.

Halafu kuna jambo la kwetu Buha. Wajukuu zangu l na r zilikuwa zinagombana mdomoni. Mmoja aliniomba karamu, nikamuuliza, "Ya harusi ya nani?" Tukaugeuza mchezo: ka-la-mu, makofi matatu, kwenye "la" anaangalia ulimi wangu. Hadithi nawapa kwa Kiha, na sioni kosa. Mtoto anayejua kusimulia kisa toka mwanzo hadi mwisho, kitabu hakimshangazi.

Boda_wa_Mwanga
Mimi shule sikufika mbali, naogopa kumfundisha makosa. Ila namtuma dukani. Nilimpa sarafu ya mia tano, maandazi matatu ya mia mia. Akarudi analia kaibiwa chenji. Nafungua kiganja, sarafu ya mia mbili. Anasema mbona kapewa moja tu! Nikamwekea mbele mia mbili moja na hamsini mbili, achague. Alichukua hamsini zake mbili akakimbia nazo. Siku hizi tunavunja mia mbili kuwa hamsini nne mezani, anazirudisha, tunavunja tena. Bado hajaniamini sana.

MwlMstaafu_Kasulu
Baba, hujafundisha kosa lolote. Ongeza na mdako. Kokoto unazozitoa shimoni na unazozirudisha, hiyo ni kujumlisha na kutoa.

MamaDagaa_Kibirizi
Nimerudi na mrejesho. Nimetumia beseni na ungo, dagaa mmoja mmoja. Jana alifika saba, akanyanyua wa nane akasema, "Huyu si wa paka," akamtia mdomoni. Mbichi! Swali la "wote wangapi" bado anarudia toka moja, kama alivyosema wa Isevya, naendelea kumuuliza.

Vipande vya boksi nimekata leo. Jina lake kaliandika kwa mkaa ukutani, limeanzia kulia. Mwenye nyumba akiuliza, sijui nitasemaje.