Bajeti ya vitu viwili: nianze na kadi ya picha, RAM au prosesa?

nanasi64
Wakuu, naombeni ushauri. Mashine yangu ya gemu imechoka na fedha iliyopo inatosha vitu viwili, vitatu nikijibana sana. Iliyomo ndani: Ryzen 5 2600, mazabodi ya B450, RAM ya DDR4 stiki moja ya GB 8, GTX 1050 Ti ya GB 4, HDD ya TB 1, na pawa saplai iliyoandikwa 500W ila chapa yake haijulikani. Skrini ni 1080p ya 60 Hz.

Counter-Strike 2 inakwama kwama, hasa wachezaji wakikutana sehemu moja. Gemu zenye ramani kubwa nimeshusha mipangilio yote hadi chini na bado fremu (picha kwa sekunde) hazifiki 40. Kila ninayemuuliza anasema "badili kadi tu". Ni kweli?

FundiWaya
Mkuu, pima kwanza. Weka MSI Afterburner pamoja na RivaTuner (programu za kupima mashine), kisha washa juu ya skrini matumizi ya GPU (kadi ya picha), VRAM (kumbukumbu ya kadi yenyewe), RAM, fremu, na matumizi ya prosesa kiini kwa kiini. Wastani wa prosesa usiuamini: uzi mmoja (njia moja ya kazi ya prosesa) unaweza kufika 100% huku jumla inasoma 40%, na gemu nyingi hukwamia kwenye huo uzi mmoja.

Cheza kama dakika 15. GPU ikikaa 97–99%, kadi ndiyo inayobana. Ikicheza kwenye 60% na fremu ziko chini, basi kadi inasubiri kazi kutoka kwa prosesa au RAM. Zima V-Sync (inayofunga fremu kwenye kasi ya skrini) na kikomo chochote cha fremu kabla ya kupima. Fremu zikiwa zimefungwa 60, GPU inaweza kusoma 60% na mashine haina ugonjwa wowote.

Hakikisha kwa kushusha 1080p hadi 720p. Fremu zikiruka juu, tatizo ni kadi. Zikibaki pale pale, achana na kadi kwanza.

nanasi64
Nimepima. CS2: GPU 55–65%, RAM imekula GB 7.6, na kila inapokwama HDD inasoma 100% kwenye Task Manager. Gemu ya ramani kubwa: GPU 98–99%, VRAM imejaa GB 3.9.

Kibodi_Moto
Una magonjwa mawili, ndiyo maana jibu la "badili kadi tu" halitoshi.

Kwenye CS2, HDD inabebeshwa mzigo wa RAM. RAM ikijaa, Windows huhamishia sehemu ya kumbukumbu kwenye diski, na HDD ni nzito mno kwa kazi hiyo. Pia stiki moja maana yake ni chaneli moja (njia moja ya data kati ya RAM na prosesa), na Ryzen za zamani huumia sana na hilo. Ongeza stiki nyingine ya GB 8. Ni badiliko la bei nafuu kuliko yote uliyonayo mezani.

Kama bodi ina matundu manne, chomeka la pili na la nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa (A2 na B2). Ukiziweka la kwanza na la pili, kwenye bodi nyingi unabaki na chaneli moja. Sukuma hadi kishikizo kilie "ta". Kisha ingia BIOS (mipangilio ya bodi kabla ya Windows kuwaka) uwashe XMP, yaani kasi kamili ya RAM (bodi nyingine huiita DOCP au A-XMP), maana bila hiyo RAM ya 3200 hukimbia kwa 2400 au 2666. Stiki mbili zisizofanana zitafuata mwendo wa ile ya polepole. Zikikataa kuwaka kwa 3200, shuka hadi 2933, ambayo ndiyo kasi rasmi ya 2600 yako. Skrini ikibaki nyeusi kabisa, zima, chomoa waya wa umeme, toa betri ya bodi dakika chache, rudisha. Halafu endesha MemTest86, programu ya kupima RAM. Kosa hata moja tu, rudisha stiki dukani.

FundiWaya
Kwa ugonjwa wa pili, yaani kadi kuelemewa na VRAM kujaa kwenye gemu ya ramani kubwa, chukua kadi ya RX 6600 ya GB 8. Ina tundu moja la umeme la pini 8 na hula wati 132. Usivutwe na RX 6500 XT kwa sababu ya bei: ina VRAM ya GB 4 kama unayoikimbia, na inatumia njia 4 tu za PCIe (tundu linalounganisha kadi na bodi). B450 ni PCIe 3.0, toleo la zamani kuliko la kadi hiyo, kwa hiyo njia hizo 4 zinapungua upana kwa nusu, na VRAM ikijaa fremu zinaporomoka. RX 6600 ina njia 8, hapo hasara ni ndogo.

Futa draiva za Nvidia kwa DDU (programu ya kusafisha draiva) ukiwa Safe Mode kabla ya kuchomoa kadi ya zamani. Na soma kibandiko cha pawa saplai: namba ya "500W" ubavuni haina maana, tafuta ampia za +12V, laini inayolisha kadi na prosesa.

tundu_la_M2
Mimi ningeanza na prosesa, Ryzen 5 5600. Inaingia B450 hiyo hiyo, kashe yake ya L3 (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) ni MB 32 dhidi ya MB 16 za 2600.

Kibodi_Moto
@tundu_la_M2 kwa skrini ya 144 Hz ningekubali. Kwa 60 Hz prosesa isubiri. Siku akibadili, asasishe BIOS kwa flashi ya FAT32 *wakati 2600 bado imo*, la sivyo bodi inaweza kugoma kuwaka. Na kama BitLocker (ufungaji wa diski wa Windows) imewashwa, aisimamishe kwanza, maana TPM inayotunza funguo zake imo ndani ya prosesa. Tena awashe mashine dakika 10 ipate joto kabla ya kung'oa kipoozeo, halafu akizungushe kushoto na kulia huku anavuta taratibu. Pasti ikikauka, prosesa hung'oka pamoja nacho na pini za AM4 zinapinda.

nanasi64
Kibandiko kinasema +12V 20A. Halafu pawa saplai haina waya wa pini 8, ila nina adapta ya Molex (plagi ya zamani ya pini 4).

FundiWaya
20 × 12 ni wati 240. Kadi 132, prosesa ya 65W hufika 88, hapo tayari ni 220 kabla ya bodi, feni na diski. Adapta hiyo iweke kando kabisa, pini za Molex huyeyuka kwa mzigo wa namna hiyo. AMD inapendekeza angalau 450W kwa RX 6600, na ziwe wati za kweli: 450–550W yenye cheti cha 80 Plus (cha ufanisi wa umeme) na waya wake wa pini 6+2.

Kwa hiyo hesabu yako ni RAM sasa. Kadi na pawa saplai vinunuliwe pamoja, hata kama ni miezi miwili baadaye.

tundu_la_M2
Ikibaki chenji, SSD ya NVMe (diski ya kasi inayoingia tundu la M.2) ya GB 500 kwa Windows na hiyo CS2. Angalia kitabu cha bodi kwanza, B450 nyingi huzima matundu mawili ya SATA (ya kuchomekea HDD) ukijaza la M.2, na HDD yako inaweza kupotea ghafla ukadhani imekufa.