Ushauri wa haraka: kusafiri na maziwa ya mama yaliyoganda, masaa 14 kwenye basi

Mpita Njia
Wakuu, habari za usiku. Naombeni msaada, muda umenibana. Kuna pakiti 40 za maziwa ya mama, zimeganda, ziko kwenye friza. Mtoto ana miezi mitano. Kesho kutwa ni safari ya basi, masaa 14 likienda vizuri. Boksi la kubebea vitu vya baridi lipo na barafu za jeli sita nimeshagandisha. Tiketi nimelipia. Yatafika salama? Na yakifika yanaweza kuingia friza ya huko moja kwa moja? Mtandaoni kila mtu anasema lake. Wenye uzoefu tu, wa matani pitieni mbali.

Kobe Mwendapole
Nimewahi siti ya mbele.

Mama Watatu
Dada yangu pole, nakuelewa kabisa. Mimi na huyu wangu wa pili nilisafiri kwa ndege peke yangu, mtoto nimemwacha. Kwenda ilikuwa raha. Kurudi nina chupa nne za maziwa kwenye mkoba wa mkononi na sikumwambia mtu. Kile kikomo cha mililita 100 cha vimiminika viwanja vingi huwa hawakilazimishi kwenye maziwa ya mtoto, ila uyatoe na useme kabla ya mkoba kupita kwenye mashine. Mimi nikanyamaza. Wakayakuta wenyewe. Nikasimama pale nusu saa, kifua kimejaa, blauzi imelowa madoa mawili, na kijana wa watu anageuzageuza chupa hajui aangalie wapi. Kwenye basi hayo hayapo, shukuru.

Fundi Majokofu
Hilo boksi lina kuta nene au ni lile jepesi la kubebea soda? Ndiyo swali la msingi. Lipoze usiku kucha kabla ya kupanga. Panga pakiti zibanane, nafasi zote zinazobaki jaza taulo, maana hewa tupu ndiyo inayoyeyusha. Barafu za jeli chini, pembeni na juu. Usilifungue njiani eti unachungulia.

Na usiweke barafu ya kawaida ya maji. Watu wanashangaa nikisema hivi. Friza nzuri iko nyuzi 18 chini ya sifuri, barafu inayoyeyuka iko sifuri. Kwa pakiti iliyoganda vizuri, hiyo barafu yako ni jiko. Atatokea mtu akushauri barafu kavu. Kweli inaganda hasa, nyuzi 78 chini ya sifuri, lakini inatoa hewa ya ukaa, haifungwi kwenye chombo kisichopumua, haishikwi mkono mtupu, na mimi nisingekaa nayo na mtoto kwenye basi lililofungwa vioo.

Mpira wa mlango wa friza yako unashika vizuri?

Nesi wa Zamu
Nijibu kilichoulizwa. Maziwa kwenye boksi zuri lenye barafu za jeli yanakwenda hadi masaa 24, kwa hiyo masaa 14 yanawezekana. Ukifika fungua uangalie. Pakiti yenye chembe za barafu bado inaweza kurudi friza. Iliyoyeyuka yote iende friji ya kawaida na itumike ndani ya masaa 24, hesabu ianzie ilipoyeyuka. Haigandishwi tena. Boksi ukae nalo juu, lisiende kwenye buti.

Sasa mimi nina maswali mawili. Mtoto alizaliwa kwa wakati wake? Na hayo maziwa hayajawahi kuyeyuka?

Mpita Njia
Asante sana nesi. Mtoto alitimiza miezi yake, mzima wa afya. Maziwa yameganda kama jiwe.

Nesi wa Zamu
Sijauliza kama yameganda. Nimeuliza kama yamewahi kuyeyuka.

Kobe Mwendapole
Kimyaaa.

Mama Watatu
Labda ananyonyesha jamani, mwacheni.

Mpita Njia
Samahani, mtoto alikuwa analia.

Sawa. Jumapili usiku mlango wa friza ulibaki wazi kidogo. Siyo wazi wa kusema wazi, upenyo wa kidole. Kama kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri. Asubuhi nikafunga, mchana yakawa yameshaganda tena. Nikigusa asubuhi ile yalikuwa bado baridi SANA. Mimi naona hayana shida, ndiyo maana sikulitaja. Nimeonja moja, ladha ya kawaida.

Nesi wa Zamu
Ulilitaja kwa kutolitaja. Baridi siyo barafu, hayo ni mambo mawili. Kuonja pia hakukuambii kitu. Kuna maziwa salama kabisa yananuka kama sabuni kwa sababu ya kimeng'enya kinachovunja mafuta yake, na kuna yaliyokwisha haribika hayana harufu yoyote.

Babu Asiyechoka
Hizi pakiti na mafriza ndiyo matatizo yenyewe. Mtoto awe na mama yake, titi halina mlango wa kusahau wazi. Mama gani anamwacha mtoto wa miezi mitano aende kwenye mambo yake?

Mama Watatu
Babu, wewe umekamua mara ngapi? Umewahi kuamka saa tisa usiku kukamua mililita 60 huku umesinzia, halafu kifuniko kinateleza? Mimi nililia kama nimefiwa. Acha wenye matiti waongee.

Mtazama Pembeni
Ngojeni kwanza. Babu kasema "anamwacha mtoto aende kwenye mambo yake" na mwenye uzi hajashangaa. Nimepitia maandiko yake ya nyuma. Wiki mbili zilizopita kwenye uzi wa matairi kaandika "mke wangu kasafiri kikazi". Leo ni dada mwenye maziwa. Wakuu hii ni chai, tena ina tangawizi.

Kobe Mwendapole
Vikombe viko wapi?

Mtazama Pembeni
Na hizo pakiti 40, mama kasafiri, anakamua nani? Mpita Njia tupe picha ya pakiti au tufunge uzi.

Mpita Njia
Sikusema popote kwamba mimi ni mama. Nyie ndiyo mlioniita dada, nikaona nikikataa hamtanijibu.

Mimi ni baba. Mke wangu yuko kwenye mafunzo ya wiki sita, darasani kutwa nzima. Kabla ya kuondoka alijaza friza miezi mitatu, pakiti moja moja, kila moja kaiandika tarehe. Tunamfuata ili usiku amnyonyeshe mwenyewe, mchana dada wa kumlea atumie pakiti. Mlango niliuacha mimi. Nilifungua nikachukua barafu ya kuweka kwenye kinywaji nikiangalia mpira. Hajui. Na sioni faida ya kumwambia kabla ya mtihani wake wa Ijumaa.

Picha hiyo hapo chini. Mnaamini sasa?

Mtazama Pembeni
Nimeiona. Narudisha kikombe.

Nesi wa Zamu
Mimi picha imeniambia zaidi ya alichotaka kutuambia. Shemeji, hizi pakiti ziligandishwa zikiwa zimelala bapa, sivyo?

Mpita Njia
Ndiyo. Yeye huzilaza kwenye sinia kwanza, zikiganda anazipanga kwenye rafu kama kadi.

Nesi wa Zamu
Basi angalia hiyo uliyopiga picha. Upande wa chini una mifereji mitatu. Hizo ni nyaya za rafu. Pakiti iliyoganda hailegei ikaingia katikati ya waya. Hiyo iliyeyuka yote, ikamwagikia umbo la rafu, ikaganda tena ikiwa hivyo. Nenda kazipapase zote, moja moja. Zenye mifereji weka kando. Zilizo bapa kama kadi nirudishie idadi.

Fundi Majokofu
Nesi, umenifundisha kazi yangu mwenyewe. Atakuta za rafu ya juu ndizo zenye mifereji. Hewa ya joto inaingia na kukaa juu.

Mpita Njia
Za juu 17, zote zina mifereji. Za droo ya chini 23, bapa kabisa, kona zake kali.

Lakini hizo 17 nikimpa mtoto kwanza, leo na kesho, kabla ya safari? Si ziko ndani ya masaa 24 zikiyeyuka upya?

Nesi wa Zamu
Hapana. Masaa 24 yao yalishaanza Jumapili usiku. Hizo ni za kumwaga, shemeji. 23 zinasafiri.

Mama Watatu
Na usizimwage kimyakimya. Huyo mwanamke anajua idadi yake kuliko namba yake ya simu. Akifungua boksi akahesabu 23, utaeleza nini? Mwambie apange kukamua zaidi wiki hii, maana hesabu ya mchana imepungua. Darasani napo asipitishe masaa manne bila kukamua, titi likijaa kupita kiasi linaleta homa.

Babu Asiyechoka
Hapo nimekubali. Mwambie.

Mpita Njia
Nimempigia. Kanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza, "Za juu ni za tarehe ngapi?" Nikamsomea zote 17, akawa anasema "ndiyo... ndiyo..." kama anaitwa majina ya watu. Ya mwisho ilikuwa ya asubuhi aliyoondoka. Akasema hiyo nisiimwage, niiache kwenye friza, siyo ya kunywa.

Nimeiacha. Boksi linapoa jikoni. Kuta zake ni nene, fundi, nimepima kidole kizima.

Fundi Majokofu
Safi. Sasa chukua karatasi, ibane kwenye mlango wa friza, uivute. Ikichomoka kirahisi, huo mpira umekwisha, na hukuuacha mlango wazi peke yako.

Mpita Njia
Imechomoka.