Tupeane uzoefu: miwani ya kinga iliyokuokoa jicho kazini

Wakuu, habari za kazi. Mafundi wa grenda, kuchomelea, uashi, useremala, maabara, karibuni. Eleza kilichotokea na ulikuwa umevaa nini.

Naanza. Nilikuwa nakata nondo, diski ya grenda ikapasuka. Kipande kikagonga lenzi ya kulia, kikaacha mkwaruzo mrefu usawa wa mboni kabisa. Lenzi ni ya polikaboneti (plastiki ngumu) na ina alama ya Z87+, yaani imepimwa kwa kugongwa kwa nguvu. Miwani ile nimeistaafisha, maana lenzi ikishagongwa haiaminiki tena. Kwenye grenda navaa na ngao ya uso juu ya miwani, si badala yake.

*Mchomeleaji:*
Aliyeumia ni kijana aliyekuwa ananishikia bomba. Mimi nina helmeti, yeye anageuza uso tu. Mchana kutwa hakulalamika. Usiku macho yakawa kama yamejaa mchanga, machozi yanatiririka, hata taa hawezi kuitazama. Miale ya urujuanimno (UV) ya kuchomelea huunguza konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, kimyakimya, maumivu yanakuja saa kadhaa baadaye. Alipona, namshukuru Mungu. Sasa hakuna anayenishikia kazi bila kinga, na wapita njia nimewawekea pazia.

*Fundi uashi:*
Chokaa jamani! Mwenzetu alivaa miwani ya kawaida, ile yenye uwazi juu, tone likapenya hapo hapo. Tulimlaza chini ya bomba tukamshikilia kope, maji yakapita nusu saa nzima huku anapiga kelele tumwachie. Hatukumwachia. Chokaa na saruji mbichi huendelea kula jicho kwenda ndani, kila dakika ina thamani. Ndipo tukakimbilia hospitali. Kazi ya majimaji na vumbi inataka miwani inayobana uso pande zote.

*Nesi wa macho:*
Naongezea. Kitu kikidunga jicho na kukwama, msikichomoe wala kupikicha. Lifunikeni kwa kikombe cha karatasi bila kubonyeza, mje. Na kama ulikuwa unagonga nyundo juu ya chuma, sema hivyo mapema: kichembe kinaweza kuzama ndani ya jicho na usisikie maumivu makubwa.

*Seremala:*
Yangu inajaa ukungu nikitoka jasho, nafanyaje?

*Fundi uashi:*
Tafuta yenye matundu ya hewa yaliyofunikwa na lenzi iliyopakwa dawa ya kuzuia ukungu. Ikigoma, simamisha mashine kwanza, ndipo uifute.